Mabaka Kumi na Moja Sakafuni

Kwa nini rangi iliyochanganywa katika ndoo moja, ikapakwa kwa rola moja na mkono mmoja, ishike zege kwa nguvu mahali pote, kisha ikatae kushika mahali kumi na moja tu? Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Odeta Lyamba alisimama mlangoni mwa gereji ya Mzee Ngusa, mtaa wa Majengo, akijiuliza hivyo.

Ilikuwa saa saba mchana. Moshi wa mashamba yaliyokuwa yakisafishwa kwa moto pembezoni mwa Mpanda ulikuwa umetanda juu ya mji tangu asubuhi, ukalifanya jua kuwa duara jekundu lisiloumiza macho. Kila kilichopita mtaani, baiskeli, mkokoteni, wanawake waliobeba ndoo, kilionekana kana kwamba kinapita nyuma ya pazia. Nuru hiyo iliingia kwa milango mikubwa ya gereji na kulala juu ya sakafu. Sakafu ilikuwa ya kijivu, laini, yenye mng'ao mzito. Ilibeba ndani yake paa, boriti na kipande cha anga. Njiwa wawili walitua kizingitini, wakatembea hadi ukingo wa mng'ao, wakainama kunywa. Midomo yao iligonga rangi. Wakasimama, wakatazamana, wakagonga tena.

"Hata ndege wamedanganyika," alisema Koplo Manyanda, msaidizi wake, aliyekuwa ameshika chupa ya thina na kitambaa cheupe. "Sishangai. Nyie Wafipa mkiona kitu kinang'aa mnadhani ni Ziwa Rukwa."

"Na nyie Wasukuma mngekuwa mmeshaingiza ng'ombe wanywe. Vua viatu, Manyanda. Tusiongeze alama zetu kwenye ushahidi."

Siku sita kabla, Ezekia, fundi magari wa gereji hiyo, alikuwa amelala chini ya pikapu iliyoinuliwa kwa jeki. Jeki ilisimama juu ya rangi. Uzito ulipokaza, rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu, jeki ikateleza nayo, na gari likashuka juu ya mguu wake wa kulia. Madaktari walikuwa bado hawajasema kama mguu huo utabaki. Mabaka mengine kumi, yote upande wa nyuma wa gereji, yalikuwa yameinuka kingo na kupasuka kwa namna ileile.

Mzee Ngusa, mwenye gereji, alikuwa na maelezo mafupi. Celestin, fundi aliyemwaga zege na kulipaka, aliuza epoksi halisi, ile rangi ngumu ya sakafu za zege, na mahali pake akapaka rangi ya mafuta, ile ya madirisha. Jana jioni askari walikuta nyumbani kwa Celestin kopo la rangi ya mafuta ya kijivu, lililotumika nusu. Fundi akalala mahabusu. Leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, Odeta alipaswa ama kupeleka jina lake kwa mwendesha mashtaka, ama kumrudisha kwa wanawe.

Manyanda alipiga magoti, akalowesha kitambaa kwa thina na kusugua palipokuwa pazima. Alisugua taratibu, kwa duara, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Harufu kali ilipanda na kuning'inia hewani.

"Kiangalie," alisema Odeta.

Kitambaa kilikuwa cheupe.

"Sasa sugua kipande kilichobanduka."

Cheupe.

"Na huu mfuniko wa kopo la Celestin."

Mkono wa Manyanda ulipita mara moja tu, na kitambaa kikawa kijivu. Aliinua uso. "Ya kopo inayeyuka. Ya sakafu haitikisiki."

"Kwa hiyo si rangi moja. Sakafu ilipakwa epoksi, kila mahali, pamoja na palipobanduka. Andika."

"Na unyevu? Mzee mmoja hapo nje kaniambia maji ya ardhini yanasukuma rangi kutoka chini."

Walikuwa wamelifikiria hilo tangu jana. Odeta alikuwa amekwangua vipande viwili vya sakafu, akavifunika kwa nailoni angavu na kuzibana kingo kwa utepe wa gundi. Zege lenye maji lingetoa jasho chini yake. Alibandua nailoni ya kwanza, kisha ya pili, akapitisha kiganja. Zilikuwa kavu.

Alichukua tindo, akang'oa kipande kidogo cha rangi mahali pazima. Kilitoka kwa shida, na upande wake wa chini ulikuwa umebeba chembe za saruji. Kisha akageuza kipande cha baka. Upande wake wa chini ulikuwa safi na mtelezi kama kioo cha saa, bila chembe hata moja.

"Hiki kililing'ang'ania zege hadi kikalimega," alisema. "Hiki hakikuwahi kuligusa. Kuna kitu kililala katikati yao."

"Kitu gani?"

Odeta aliinama zaidi. Msafara mwembamba wa sisimizi ulikuwa ukitoka chini ya mlango mdogo wa nyuma, ukipita juu ya rangi bila kusimama, na kuishia ndani ya baka la karibu, ambako kila mmoja alizunguka kana kwamba amefika sokoni.

*

Celestin aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na bakuli la chakula mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aliache. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mzaliwa wa Katumba, mwana wa wazazi waliotoka Burundi, na vidole vyake vilikuwa na nyufa nyeupe za saruji ambazo sabuni haizitoi. Bakuli lilikuwa limefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua.

"Kula kwanza," alisema Odeta.

"Nimeshiba, afande. Wali wa jana usiku na wa leo mchana."

"Nani anakuletea?"

"Mama Kabula. Mke wa Mzee Ngusa."

Manyanda aliacha kuandika. "Mume anakushtaki, mke anakulisha?"

"Na mimi nilijiuliza. Nilimshukuru tu, sikumhoji. Mtu aliye humu hamhoji mtu anayeleta wali."

"Kopo la rangi ya mafuta lilifikaje kwako?"

"La kanisa letu la Kasekese. Tunapaka mabenchi. Muulizeni Marsela wa duka la vifaa, ndiye aliyeliuza, na mzee wa kanisa alikuwa amesimama pale pale."

"Tueleze kuhusu sakafu. Nani alichagua epoksi?"

Celestin aliweka bakuli mezani, akalisogeza taratibu hadi likakaa katikati, kama mtu anayepima usawa.

"Tulibishana siku tatu. Mzee alitaka rangi ya mafuta, kwa sababu inang'aa na ni nyepesi kupaka. Nikamwambia, tairi likitoka safarini Kibaoni lina moto; likisimama juu ya rangi ya mafuta, kesho linaondoka nayo. Mimi nilitaka dawa ya kukaza zege. Hiyo inazama ndani, zege lenyewe linakuwa gumu, hakuna ngozi juu ya kubanduka. Lakini haina mng'ao wa maana. Mzee akasema anataka watu wanaopita barabarani waione sakafu yake. Ndipo tukakutana katikati, kwenye epoksi. Epoksi ni nzuri, afande. Ikishika, imeshika. Lakini lazima ikute zege safi."

"Ulipimaje kama ni safi?"

"Kwa tone la maji. Zege safi hunywa tone. Zege lenye mafuta hulikataa, linabaki juu limetuna kama jicho."

"Uliyadondosha wapi hayo maji?"

Celestin alilishika tena bakuli. Nje, mtu alikuwa akifagia uwanja, na sauti ya ufagio iliingia kwa mapumziko marefu.

"Mlangoni," alisema. "Pale mlangoni tu."

"Kwa nini si kila mahali?"

"Zege lilikuwa langu, jipya. Hakuna gari lililokuwa limeingia. Mafuta yangetoka wapi? Nikaliosha kwa maji ya asidi, nikaliacha likauke, nikapaka." Alitazama nyufa za vidole vyake. "Nilipaswa kupima kila hatua. Hilo andika, afande. Ni kweli."

"Na kabla ya hapo, siku za kulinywesha zege maji ili likaze?"

"Siku saba, chini ya magunia ya katani yaliyoloweshwa. Nilikuwa nayo ishirini, sakafu ni kubwa, kwa hiyo nilikuwa nayahamisha asubuhi na jioni. Siku ya tatu nikapata msiba Kasekese. Nikamwomba Mama Kabula amwagilie. Niliporudi siku ya sita nilikuta kazi nzuri, sakafu yote imelowa, magunia yangu ishirini yametandikwa vizuri."

"Sakafu yote?"

"Yote. Hata nyuma kabisa, ambako mimi mwenyewe nilikuwa nachelewa kufika."

*

Duka la Marsela lilikuwa kona ya pili kutoka kituoni. Mwenye duka, mwanamke mpana aliyevaa miwani iliyofungwa kamba, alikuwa akimpangusa mteja wake wa mwisho vumbi la saruji kwa gazeti.

"Kopo la kijivu? Ni la kanisa, mzee wao alilichagua kama anachagua mchumba. Na Celestin nilimchoka. Siku tatu anakuja hapa na Ngusa, wanabishana mbele ya kaunta yangu, wateja wanashindwa kuingia."

"Ngusa alikuwa ameshakubali kununua rangi ya mafuta?"

"Alikuwa ameishika mkononi. Celestin akaichukua, akairudisha rafuni mwenyewe."

Odeta alishukuru na kutoka. Njiani Manyanda alitembea akiwa ameinamisha kichwa.

"Aliyekusudia kuiba epoksi," alisema hatimaye, "angeipigania hivyo ili aiibe."

"Angeweza. Lakini akishaiiba, angepaka nini? Epoksi ipo sakafuni, umeisugua kwa mkono wako. Mwizi ameondoka katika hadithi hii, Manyanda. Kilichobaki ni mafuta yaliyotangulia magari. Mchukue Celestin kituoni, umlete gereji. Nataka aone akiwa amesimama palepale."

*

Saa kumi moshi ulikuwa umeshuka zaidi. Gereji ilionekana kuelea. Mstari kati ya sakafu na ukuta ulikuwa umefutika, na Celestin alipoingia na Manyanda, peku wote wawili, walikuwa kama watu wanaovuka mto usio na kina.

Odeta alijaza maji kwenye kifuniko cha chupa. Alidondosha tone la kwanza pale alipokuwa ametoa nailoni. Zege lilikolea rangi, likanywa, likabaki doa. Alidondosha la pili ndani ya baka la kwanza, juu ya zege lililoachwa wazi.

Tone lilisimama. Ndani yake mlionekana mlango, duara jekundu la jua, na nyuso tatu zilizoinama.

"Mafuta," alisema Celestin kwa sauti ya chini.

Walibandua rangi iliyobaki, wakadondosha katika mabaka yote kumi na moja, na yote kumi na moja yaliyakataa maji. Odeta alitoa futi ya chuma, akapima baka la kwanza: futi tatu na nusu kwa futi mbili. La pili lilikuwa hivyo hivyo, na la tatu pia. Pembe zilikuwa za mraba, zimepangwa sambamba na ukuta wa nyuma, ubavu kwa ubavu.

"Kama vitanda vya bweni," alisema Manyanda.

"Mafuta yaliyomwagika hutambaa yanakotaka. Haya yalipangwa na mtu mwenye mpangilio." Odeta aliinuka, akaufuata msafara wa sisimizi hadi mlango mdogo wa nyuma, akaufungua.

Ulitokea uani kwa Mzee Ngusa. Mashine ya kukamua alizeti ilikuwa chini ya kibanda cha bati, na kando yake zilisimama safu za magunia ya mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu ikishatolewa mafuta. Mama Kabula, mwanamke mrefu aliyejifunga khanga mbili, alikuwa akianika mbegu juu ya turubai. Alimwona Odeta, akaona futi mkononi mwake, akaacha kusambaza.

Odeta alichukua gunia tupu kutoka juu ya rundo, akalitandaza chini. Lilikuwa zito kuliko gunia kavu, na viganja vyake viling'aa alipolishika. Alipima. Futi tatu na nusu kwa futi mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Kabula alikaa juu ya kigoda. "Umechelewa. Nilidhani utakuja jana."

"Uliyatandika wewe?"

"Kumi na moja. Niliyahesabu nikiyabeba." Alisema taratibu, akiwatazama njiwa waliokuwa wameanza kuja kwenye mbegu. "Wewe ni mtoto wa mjini, sijui kama utanielewa. Kwetu Bariadi, sakafu anaimalizia mama mwenye kaya. Fundi atajenga, atasimamisha ukuta, atainua paa. Sakafu ni udongo na samadi, na ni mkono wa mama. Mgeni haimalizi. Nyumba zote nilizowahi kuishi, mkono wangu umepita chini. Hii ikaja ya zege. Wakaja wanaume na mashine, wakamwaga, wakanyoosha, mimi nikabaki napika chai. Kisha fundi akaniambia, mama, nina msiba, ninyweshee sakafu. Nilifurahi, mwanangu, kama nimepewa mtoto nibebe."

"Magunia yake hayakutosha."

"Jua lilikuwa linakunywa maji kabla sijageuka. Huku nyuma palianza kupauka. Nikasema isije ikapasuka mikononi mwangu. Nikaleta ya kwangu, nikayalowesha, nikayakanyaga kwa miguu yashike vizuri. Siku tatu. Celestin alipokaribia kurudi nikayatoa, maana mashine ilikuwa inayadai."

"Na maji yakayashusha mafuta ndani ya zege," alisema Odeta.

"Hilo sikulijua. Nilikuja kulijua Ezekia alipoumia. Niliingia na ndoo kufuta damu, nikayaona. Yamelala vilevile nilivyoyalaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ngusa alikuwa ameshasema ni Celestin, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima." Alifuta viganja kwenye khanga. "Nikapika. Ezekia kila asubuhi, Celestin tangu jana."

"Mama Kabula, nyamaza."

Mzee Ngusa alikuwa amesimama mlango wa nyumba, kofia mkononi. Alishuka ngazi, akampita mkewe, akaingia gerejini moja kwa moja kwa viatu vyake, na wengine wakamfuata. Alipomwona Celestin amesimama kati ya mabaka, alisimama naye upande wa pili, na sakafu iliwaonyesha wote wawili vichwa chini.

"Afande, mwanamke huyu ana huruma nyingi. Anataka kumbebea mtu mzigo."

"Gunia limepimwa, Mzee. Maji yamedondoshwa. Mkeo hajanieleza kitu ambacho sakafu haijanieleza."

"Mguu wa mtu umevunjika ndani ya gereji yangu. Lazima awepo wa kuujibia."

"Nilizungumza na Ezekia jana," alisema Odeta. "Kingo zilianza kuinuka wiki mbili kabla ya ajali. Alikuonyesha. Ulimwambia nini?"

Ngusa aliigeuza kofia mikononi. Mng'ao ulikuwa umepanda ukutani na kutetemeka nyuma yake.

"Nilimwambia magari yapo foleni," alisema. "Nilimwambia aweke jeki mahali pengine."

"Mahali pengine aliweka. Palikuwa pazima juu, chini pakiwa na mafuta ya gunia la nne."

Mama Kabula alikuwa amesimama kizingitini, haingii. Celestin alimtazama, kisha akainama na kufuta kwa kidole tone moja lililokuwa bado limesimama.

"Mama," alisema, "siku ile niliporudi ningepima na nyuma, ningeyakuta mafuta. Kosa lako lilikuwa chini ya kosa langu."

"Usinifariji, mwanangu. Sakafu hii sasa inapakwa nini?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba hakumwuliza mumewe.

Celestin alimtazama Ngusa kwanza. Mzee alitikisa kichwa kidogo, kwa namna ya kukubali.

"Haipakwi kitu," alisema Celestin. "Inakwanguliwa yote kwa mashine. Palipo na mafuta, zege linachimbwa na kumwagwa jipya, linanyweshwa siku saba kwa magunia safi. Kisha dawa ya kukaza, izame ndani. Haitang'aa, Mzee. Watu barabarani hawataiona. Lakini jeki itasimama."

"Nami nitaliangalia kila gunia," alisema Ngusa kwa sauti nzito, "kama utakubali kunifanyia kazi tena."

"Hilo mtazungumza nyie," alisema Odeta. Alifunga daftari, akavaa viatu vyake pale kizingitini, akawageukia wote. "Langu nawaambia sasa, mbele ya kila mmoja, ili asiwepo wa kulisikia kwa jirani. Celestin haendi tena mahabusu. Anatoka kwa dhamana ya polisi saa hii, na kwenye faili naandika kwamba hapakuwa na wizi, na napendekeza asishtakiwe."

"Na mimi?" aliuliza Mama Kabula. "Utaandika jina langu?"

"Nitaliandika, mama, kama shahidi, pamoja na yote uliyoniambia. Celestin, kipimo cha mlangoni nacho nitakiandika. Na wewe, Mzee, foleni ya magari. Gereji inabaki imefungwa, hakuna gari litakaloinuliwa humu mpaka sakafu hii ikwanguliwe. Sasa ninakwenda hospitali kumweleza Ezekia jinsi alivyoumia, na nyie watatu mnakuja nami."